Kuchanganya dawa za epidurali baada ya upasuaji wa tumbo: mwongozo wa theata na wodi

Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo kwa mkato mrefu wa katikati ana maumivu ya namna mbili. Kuna yale ya kulala tuli, mazito na ya mfululizo, na kuna yale yanayomkata pumzi anapokohoa, anapojigeuza au anapoinuliwa akae kitini. Opioidi (dawa za jamii ya mofini) hupunguza vizuri yale ya kwanza lakini hushindwa na ya pili. Dawa ya ganzi hufanya vizuri kwenye ya pili, ila ukiitumia peke yake kwa kiwango kinachotosha, presha inashuka na miguu inalegea. Ndiyo maana kwenye epidurali, yaani katheta (mpira mwembamba) inayopitishwa mgongoni na kuishia nje tu ya utando wa uti wa mgongo, tunachanganya: kidogo cha hii, kidogo cha ile, kila moja ikiwa chini ya kiwango cha kuleta madhara, na kwa pamoja zinafanya kazi kuliko jumla yake.

Mwongozo huu ni wa wataalamu wa usingizi na wauguzi wanaompokea mgonjwa wodini. Dozi zote ni za mtu mzima wa kilo 50 hadi 70 na zinakwenda sambamba na itifaki ya hospitali yako, hazichukui nafasi yake. Na niseme mapema msimamo wangu, kwa kuwa utaonekana kila mahali huko chini: mchanganyiko bora ni ule ambao wodi yako ina uwezo wa kuuchunga saa nane za usiku, siyo ule unaosifiwa kwenye makala za hospitali zenye pampu kila kitanda.

Kwanza: je, huyu anafaa?

Epidurali inalipa pale upasuaji ni wa wazi na mkubwa: kukata sehemu ya utumbo, tumbo la chakula, ini, kongosho, au mshipa mkubwa wa aota. Kwa upasuaji wa kamera, faida yake ni ndogo na usumbufu wake ni mkubwa. Hapo mofini kidogo ya spainali (inayochomwa ndani ya maji ya uti wa mgongo) au bloku (ganzi ya mishipa ya fahamu) ya ukuta wa tumbo inatosha.

Usiweke kama mgonjwa amekataa, kama kuna maambukizi mahali pa kuchoma, kama damu yake haigandi sawasawa (kwa kawaida tunataka INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, isiyozidi 1.4 na chembe sahani zisizopungua 80,000 hadi 100,000), au kama hajajazwa maji vya kutosha. Kwetu kisa kinachojirudia ni laparotomia (kufungua tumbo) ya dharura ya utumbo uliotobolewa na taifodi: mgonjwa ana homa, presha inacheza, tumbo limejaa usaha. Huyo ana maumivu makali na utatamani kumsaidia, lakini siyo mtu wa katheta ya mgongoni. Bakteria wanazunguka kwenye damu, na bloku ya mishipa ya simpathetiki, ile mishipa ya fahamu inayobana mishipa ya damu, itaondoa kile kidogo kinachoshikilia presha yake. Mpe njia nyingine.

Uliza pia kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda. Enoksaparini ya kinga, miligramu 40, inahitaji masaa 12 kabla ya kuchoma. Ya dozi ya tiba inahitaji masaa 24. Heparini ya chini ya ngozi ya yuniti 5,000 inahitaji masaa 4 hadi 6. Andika kwenye faili saa halisi ya dozi ya mwisho, kwani utaihitaji tena siku ya kutoa katheta.

Mweleze mgonjwa kabla hajaingia theata, siyo akiwa amekunjwa mgongo tayari. Mwambie atabaki na hisia ya kuguswa, kwamba miguu inatakiwa isogee, na kwamba akiona miguu imekuwa mizito ghafla aseme, hata kama maumivu hana. Huyo mgonjwa ndiye atakayekuwepo kitandani muda wote. Muuguzi ana wagonjwa wengine thelathini.

Pili: katheta iko wapi? Hilo ndilo linalochagua dawa

Hapa ndipo epidurali nyingi zinapoharibika, na baadaye lawama inaangukia dawa. Dawa ya ganzi na fentanili hufanya kazi karibu na pale zilipomwagwa. Kwa hiyo ncha ya katheta lazima iwe katikati ya ukanda wa mkato. Kwa upasuaji wa tumbo la juu (tumbo la chakula, ini, kongosho) choma kati ya T6 na T9 (T ni pingili za kifuani, L ni za kiunoni). Kwa utumbo mpana na tumbo la chini, T9 hadi T11. Kumbuka alama za ngozi: chuchu ni T4, ncha ya chini ya mfupa wa kidari ni T6, kitovu ni T10.

Ukiweka katheta kiunoni, L3 na L4, halafu ukatarajia bupivakaini ipande hadi juu ya kitovu, utalazimika kumimina ujazo mkubwa. Miguu italala, mkojo utaziba, presha itashuka, na bado sehemu ya juu ya kidonda itauma.

Lakini wengi wetu tumefundishwa kuchoma kiunoni tu, na si kila kituo kina mtu mwenye mkono wa kifuani. Hilo lina jibu lake. Mofini hupenda maji kuliko mafuta, hivyo hubaki kwenye maji ya uti wa mgongo na kupanda nayo taratibu. Katheta ya kiunoni yenye mofini inaweza kutuliza tumbo la juu. Katheta ya kiunoni yenye fentanili haiwezi. Fentanili hunyonywa na mafuta na damu pale pale, na ukiitiririsha peke yake, sehemu kubwa ya kazi yake inakuwa sawa na kuipitisha kwenye mshipa.

Kwa hiyo kanuni ya kubandika ukutani: katheta ya kifuani: bupivakaini pamoja na fentanili; katheta ya kiunoni kwa mkato wa juu: mofini, na dawa ya ganzi kidogo au isiwepo kabisa.

Ukishapata nafasi ya epidurali kwa sindano ya Tuohy, acha sentimita 4 hadi 5 za katheta ndani. Zaidi ya hapo inajikunja na kwenda upande mmoja. Pungufu ya hapo inachomoka mgonjwa akigeuzwa. Andika alama ya ngozini: "nafasi ipo sentimita 5, katheta ngozini sentimita 10." Namba hiyo ya pili itaokoa muda wa mtu usiku wa manane.

Tatu: kila dawa na kazi yake

Bupivakaini ndiyo mhimili. Kwa kutuliza maumivu wodini inatakiwa iwe nyepesi sana, kati ya asilimia 0.0625 na 0.125. Ile ya 0.5% isiyochanganywa ni ya upasuaji, siyo ya wodi. Kikomo cha dozi ya mara moja ni kama miligramu 2 kwa kilo, na kwa siku nzima usizidi miligramu 400. Penye ropivakaini, 0.1% hadi 0.2% inafanya kazi ileile na ni pole zaidi kwa moyo, ila bei yake unaijua.

Angalizo moja lenye uzito: bupivakaini nyingi kwenye makabati yetu ni ile "hevi" ya spainali, iliyochanganywa na sukari, kwenye ampuli za mililita 4. Hiyo haiingii kwenye epidurali. Unachotaka ni kichupa cha bupivakaini ya kawaida isiyo na sukari, kwa kawaida mililita 20.

Fentanili hushika ndani ya dakika 5 hadi 15 na kuisha ndani ya masaa machache. Mikrogramu 2 kwa kila mililita ya mchanganyiko zinatosha. Wengine huenda hadi 4 au 5, na kadiri unavyopanda ndivyo kuwashwa, kichefuchefu na usingizi vinavyoongezeka. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ukiona tatizo, unasimamisha pampu na hali inarudi upesi.

Mofini ni kinyume chake. Inachukua dakika 30 hadi 60 kushika, kisha inafanya kazi masaa 12 hadi 24. Kwa hospitali isiyo na pampu, huo ni ukombozi. Lakini ule upandaji wake unaofika tumbo la juu ndio huohuo unaofika kwenye ubongo unaoendesha pumzi, na unaweza kumzidi mgonjwa masaa 6 hadi 18 baada ya sindano, wakati daktari aliyeichoma ameshalala nyumbani kwake. Tumia tu mofini isiyo na kihifadhi. Soma lebo, zile zenye fenoli au parabeni hazifai mgongoni.

Adrenalini ni kiungo ambacho wengi hawakitumii, nami naona tunakosa. Nchini Norway, Niemi na Breivik walionyesha mwaka 1998 kwamba mikrogramu 2 kwa mililita ikiongezwa kwenye bupivakaini 0.1% na fentanili kwenye katheta ya kifuani, maumivu ya kukohoa yanapungua waziwazi. Walipoitoa adrenalini kwenye mchanganyiko, maumivu yalirudi na fentanili nyingi zaidi ikaonekana kwenye damu. Inabana mishipa midogo ili dawa isichukuliwe na damu haraka, na yenyewe pia hutuliza maumivu kwa kugusa vipokezi vya alfa-2 kwenye uti wa mgongo. Lakini iwe kwa katheta ya kifuani, na iwe kwa mtu anayejua kupima sehemu ya kumi ya mililita. Kosa la mara kumi hapa si dogo.

Klonidini hutuliza pia, ila inashusha presha na kulaza. Kwa wodi ya kawaida naiacha. Ketamini ya vichupa vyetu vya kila siku ina kihifadhi. Isiingie.

Nne: kuchanganya

Fanya kazi hii theata, mikono imeoshwa, glovu safi, meza moja, dawa za mgonjwa mmoja. Kabla ya kufungua chochote, watu wawili wasome kila lebo kwa sauti. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu asidi ya traneksamiki iliyochomwa kwenye uti wa mgongo kwa kudhaniwa ni bupivakaini, kwa sababu ampuli zilifanana na zilikaa pamoja. Matokeo yake ni degedege na mara nyingi kifo. Kama kabati lenu bado linaweka dawa hizo mbili kwenye trei moja, anza na kulipanga kabati.

Hesabu ninayoipenda ni hii, kwa kuwa inatumia kichupa kimoja na ampuli mbili bila kubakisha vipande:

1. Chukua mfuko wa salaini ya 0.9% wa mililita 100. Vuta mililita 24 na uzimwage.
2. Ongeza bupivakaini 0.5% isiyo na sukari, mililita 20. Hizo ni miligramu 100.
3. Ongeza fentanili ampuli mbili za mililita 2, jumla mikrogramu 200 kwenye mililita 4.
4. Ukiamua kuweka adrenalini: mililita 0.2 ya ile ya miligramu 1 kwa mililita. Hizo ni mikrogramu 200. Pima kwa bomba la mililita 1. Ukitumia bomba la insulini la yuniti 100, simama kwenye alama ya 20.
5. Geuza mfuko mara kadhaa uchanganyike. Usiutikise.

Una mililita 100 za bupivakaini 0.1% na fentanili mikrogramu 2 kwa mililita. Mifuko ya kiwandani huwa na mililita chache za ziada, kwa hiyo ukali halisi unapungua kidogo. Hilo halina madhara. Ukitaka uhakika, au kama pampu yako ni ya bomba la mililita 50, gawanya nusu: bupivakaini 10, fentanili 2, salaini 38.

Kwa mtu mwenye mwili mkubwa au mkato mrefu kutoka kidarini hadi kinenani, panda hadi 0.125%: bupivakaini 0.5% mililita 25, fentanili mililita 4, salaini 71. Hiyo inavunja kichupa cha pili kwa mililita 5 tu, na kitakachobaki kimwagwe, kisiwekwe pembeni kwa mgonjwa mwingine.

Bandika lebo kubwa: jina la mgonjwa, namba ya hospitali, dawa na ukali wake, tarehe na saa ya kuchanganya, jina la aliyechanganya, na maneno KWA EPIDURALI TU. Mfuko ukipita masaa 24, tupa. Mpira wa kuunganisha usiwe na tundu la kuchomea sindano. Kama upo huo tu, ufunge kwa plasta na uandike juu yake. Weka kichujio cha bakteria. Pampu ya epidurali ikae upande mmoja wa kitanda na dripu ya mshipani upande wa pili. Bupivakaini ikiingia mshipani inasimamisha moyo, na moyo huo unakuwa mgumu sana kuurudisha.

Na tafadhali: mchanganyiko wa epidurali usining'inizwe kwenye dripu ya kawaida ya kuhesabu matone. Mgonjwa akijigeuza, tone moja linakuwa kumi. Kama hakuna pampu, nenda kwenye njia ya sindano za vipindi, nitakayoieleza.

Fentanili iliyobaki na iliyotumika iandikwe kwenye daftari la DDA (la dawa zinazodhibitiwa) palepale, wawili wakisaini.

Tano: kujaribu, kisha kuanzisha

Vuta kwanza kwa bomba tupu: damu? maji? Kisha toa dozi ya majaribio, lidokaini 1.5% hadi 2% yenye adrenalini ya 1 kwa 200,000, mililita 3. Mapigo yakiruka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika moja, uko kwenye mshipa wa damu. Miguu ikilegea ndani ya dakika tano, umepita dura (utando wa uti wa mgongo) na uko kwenye spainali. Jaribio hili lina maana zaidi mgonjwa akiwa macho. Aliyepewa nusukaputi hawezi kukuambia kitu, na aliye kwenye atenololi huenda mapigo yake yasiruke.

Kabla upasuaji haujaisha, anza na bupivakaini 0.25% mililita 3, subiri dakika tano, presha ikiwa imekaa ongeza 3 nyingine. Kwa mzee, mililita 2 kwa wakati. Usimtoe mgonjwa chumba cha uangalizi bila kupima bloku: pamba yenye spiriti, anza shavuni, kisha shuka kifuani na tumboni pande zote mbili, na muulize baridi inaishia wapi na inaanzia wapi tena. Unataka mkanda unaofunika kidonda. Bloku ikifika T4 na zaidi, moyo utaanza kwenda taratibu na presha itaanguka, punguza.

Anzisha pampu kwa mililita 5 au 6 kwa saa. Kiwango cha kawaida ni 4 hadi 10. Kwa 6 kwa saa na mchanganyiko wa 0.1%, mgonjwa anapata bupivakaini miligramu 144 kwa siku na fentanili mikrogramu 288. Hata ukifika 10 kwa saa na 0.125%, ni miligramu 300, bado chini ya kikomo. Kama pampu ina kitufe cha mgonjwa, mpe mililita 3 kwa kila bonyezo na ifunge kwa dakika 20. Kitufe ni cha mgonjwa peke yake. Ndugu wanaomhurumia wanabonyeza wakati amelala, na hapo kinga yote imeondoka, kwani anayesinzia hawezi kubonyeza na ndiyo maana kitufe ni salama.

Bila pampu

Chaguo la kwanza ni mofini. Miligramu 2 hadi 3 kwenye salaini mililita 10, kila masaa 12, kwa katheta ya kiunoni. Kwa ya kifuani usizidi 2. Aliyevuka miaka 70, au mwenye mapafu mabovu, au anayekoroma na kusimama pumzi usiku, miligramu 1. Sindano ya kwanza iingie kabla hajaamka, kwa kuwa inachelewa.

Chaguo la pili, kama kuna mtu wa usingizi zamu nzima: mililita 5 hadi 8 za mchanganyiko wa 0.1% wenye fentanili, kila masaa 3 au 4, zikitolewa na mtu aliyefundishwa, akivuta kwanza kila mara, na presha ikipimwa kila dakika 5 kwa dakika 20. Inafanya kazi, ila inachosha, na usiku wa kwanza ndio unaotoboa mpango. Heri mofini iliyochungwa kuliko ratiba nzuri isiyotekelezwa.

Sita: usiku wodini

Muuguzi anahitaji namba chache na ruhusa ya kusimamisha pampu bila kumwomba mtu. Andika kwenye chati kwa kalamu, usimwambie kwa mdomo.

Maumivu yapimwe kutoka 0 hadi 10, akiwa ametulia na akikohoa. "Mama, kohoa kidogo nione" inakuambia zaidi kuliko "unaumwa?" Lengo ni chini ya 4 akikohoa, kutafuta sifuri kunaleta miguu mizito.

Pumzi na usinzia vinapimwa pamoja, na usinzia ndio unaotangulia. Mtu anayepumua mara 12 lakini haamki ukimwita yuko hatarini kuliko anayepumua mara 10 na kukujibu. Kwa yeyote mwenye opioidi ya epidurali: kila saa kwa masaa 12 ya kwanza, kila masaa 2 kwa 12 yanayofuata, halafu kila masaa 4. Kwa mofini ya kuchoma, hesabu inaanza upya kila dozi. Kama wodi yenu haiwezi hilo, mofini ya epidurali isitolewe huko. Mgonjwa akae HDU (wodi ya uangalizi wa karibu) au apewe mchanganyiko usio na opioidi.

Miguu: anainua mguu ulionyooka? Anakunja goti tu? Anasogeza nyayo tu? Hawezi kabisa? Andika 0, 1, 2 au 3, mguu wa kulia na wa kushoto. Angalia pia mgongo: plasta imelowa, ngozi nyekundu, usaha.

Na jambo linaloua kimya kimya katika wodi zetu: chati ya zamani ya maumivu. Mgonjwa ana mofini mgongoni, na kwenye faili kuna "pethidini miligramu 100 kila masaa 6" iliyoandikwa na daktari wa upasuaji kwa mazoea. Muuguzi anafuata anachosoma. Futa kwa mstari pethidini, tramadoli, diazepamu na promethazini, na andika juu ya faili: ANA OPIOIDI YA EPIDURALI. Parasetamoli iendelee gramu 1 kila masaa 6, na diklofenaki kama figo ni nzima na daktari wa upasuaji hana wasiwasi na mshono wa utumbo. Hizo mbili pia ndizo zitakazotuliza yale maumivu ya begani yanayotoka kwenye kiwambo (msuli wa kupumulia). Epidurali haiyafikii, hata uongeze mililita ngapi.

Saba: mambo yanapokwenda kombo

Pumzi chini ya 8, au haamki. Simamisha pampu, oksijeni, mwamshe, mwite mtu. Naloksoni mikrogramu 100 mshipani, rudia kila dakika 2 hadi 3 mpaka apumue. Ukimpiga 400 kwa mkupuo mmoja maumivu yote yanarudi. Naloksoni inaisha ndani ya saa moja hivi na mofini haijaisha, kwa hiyo huyo hatoki machoni pako hadi asubuhi.

Presha imeshuka. Usikimbilie kuzima pampu kisha ukaenda. Uliza kwanza: anavuja damu tumboni? Epidurali ya mililita 6 kwa saa iliyokaa sawa tangu mchana haiangushi presha ghafla saa tano za usiku bila sababu. Inua miguu, kichwa kisishushwe, toa maji, efedrini miligramu 5 hadi 10, pima bloku imefika wapi. Kama ni bloku, punguza mtiririko. Kama ni damu, mpigie daktari wa upasuaji.

Anaumwa. Fuata njia kutoka pampu hadi ngozi: inawaka, haijakwama, viungo havijaachana, katheta bado iko kwenye ile namba iliyoandikwa. Pima bloku. Ikiwa ipo lakini ni fupi, toa mililita 3 hadi 5 za mchanganyiko na ongeza kasi kwa 2. Ikiwa upande mmoja tu, mlaze upande unaouma, vuta katheta sentimita 1 au 2, jaribu tena. Hakuna bloku kabisa? Lidokaini 2% mililita 5, kwa vipande. Dakika 20 bila mabadiliko, hiyo katheta haiko mahali pake: itoe na umpe mofini ya mshipani kwa utaratibu. Nimeona watu wakiibembeleza katheta iliyokufa siku nzima, kwa heshima tu ya aliyeiweka.

Midomo inakufa ganzi, ladha ya chuma, masikio yanavuma, kisha degedege au moyo kusimama. Hiyo ni sumu ya dawa ya ganzi. Simamisha, njia ya hewa, benzodiazepini kwa degedege, na mafuta ya mshipani ya 20%: mililita 1.5 kwa kilo ndani ya dakika moja, halafu mililita 15 kwa kilo kwa saa; jumla isizidi 12 kwa kilo. Kwa kilo 60, bolasi ni mililita 90. Ikiwa moyo umesimama, adrenalini iwe ndogo kuliko kawaida, chini ya mikrogramu 1 kwa kilo, na usichoke mapema kukandamiza kifua. Jua leo chupa ya mafuta iko kabati gani. Mara nyingi imewekwa ICU pamoja na lishe.

Anawashwa: fentanili ikipunguzwa mara nyingi inatosha, au naloksoni mikrogramu 40. Kichefuchefu: ondansetroni miligramu 4. Mkojo: katheta ya mkojo ibaki ndani siku ya kwanza na ya pili.

Katheta imechomoka kwenye kiungo chake. Ifunike kwa kitambaa safi, iite timu ya usingizi. Usiirudishe tu.

Mguu unaokuwa mzito

Hili nalitenga kwa sababu lina saa yake. Katheta ya kifuani yenye 0.1% haitakiwi kulegeza miguu. Mguu uliokuwa 0 ukawa 2, simamisha pampu dakika hiyo. Kama ni dawa, nguvu zitaanza kurudi ndani ya masaa machache. Masaa 4 yakipita bila dalili ya kurudi, au kukiwa na maumivu mapya ya mgongo, chukulia ni damu au usaha unaobana uti wa mgongo hadi MRI iseme vingine. Wanaofunguliwa ndani ya masaa 8 tangu dalili zianze ndio wenye nafasi nzuri ya kutembea tena. Kama MRI iko mji mwingine, mpango wa gari uwe umeandikwa kabla ya epidurali ya kwanza kuwekwa hospitalini kwenu, siyo usiku huo.

Nane: kuitoa

Siku ya 2 hadi ya 4 kwa kawaida, utumbo ukianza kufanya kazi na mgonjwa akimeza vidonge. Simamisha pampu asubuhi, siyo jioni, na uache katheta mahali pake kwa masaa 4 hadi 6. Parasetamoli na diklofenaki ziwe zimeshaingia. Akiendelea kukohoa bila shida, itoe. Akikunja uso, washa tena na ujaribu kesho.

Kutoa katheta kuna hatari ileile ya damu kama kuiweka. Masaa 12 tangu enoksaparini ya kinga ya mwisho, na inayofuata isiingie kabla ya masaa 4 tangu kutoa. Njia rahisi ni kuitoa muda mfupi kabla ya dozi inayofuata kisha kuichelewesha dozi hiyo. Mwinamishe mgonjwa kama ulivyomwinamisha wakati wa kuweka, vuta taratibu, na ikikwama usilazimishe, mbadilishe mkao. Angalia ncha imetoka nzima, uandike hivyo.

Endelea kupima miguu kila masaa 4 kwa masaa 24. Akiruhusiwa kwenda nyumbani ndani ya wiki hiyo, aondoke na karatasi yenye mambo matatu ya kumrudisha hospitali siku hiyohiyo: mguu unaopoteza nguvu, maumivu mapya ya mgongo yenye homa, mkojo unaokataa kutoka. Ndugu atakayekaa naye asome karatasi hiyo mbele yako.